Uchoraji Baada ya Kamera

Katika historia ya sanaa ya Ulaya na Marekani hakuna fani iliyotangazwa kufa mara nyingi kama uchoraji wa rangi, yaani kazi ya kupaka rangi juu ya ubao, ukuta au turubai ili kuunda picha. Tangazo la kwanza huhusishwa na mchoraji Mfaransa Paul Delaroche, ambaye husimuliwa kwamba mwaka 1839, alipoona picha za mwanzo za kamera zilizotengenezwa kwa mbinu ya Louis Daguerre, alisema kuwa siku za uchoraji zimekwisha. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba aliyatamka maneno hayo, lakini kudumu kwa kisa chenyewe kunaonyesha jinsi wazo hilo lilivyowakaa watu akilini. Mwaka 1921, mjini Moscow, Aleksandr Rodchenko alionyesha turubai tatu, moja nyekundu tupu, ya pili buluu tupu na ya tatu njano tupu, akaamini kuwa ameufikisha uchoraji mwisho wake. Miaka 60 baadaye, mwaka 1981, mhakiki Mmarekani Douglas Crimp alichapisha makala ambayo anwani yake ilitamka waziwazi mwisho wa uchoraji, na mwaka huohuo Royal Academy ya London ikafungua maonyesho makubwa ya kuusherehekea uchoraji mpya. Mgonjwa aliyeagwa mara zote hizo anastahili kupimwa upya, ili ijulikane ni kiungo gani hasa kilichokuwa kikifa kila mara.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kilichokufa ni kazi fulanifulani ambazo jamii ilikuwa imewatwisha wachoraji, na kwamba kila kazi moja ilipoondolewa, ilionekana wazi zaidi ni jambo gani ambalo picha ya kuchora hulifanya na ambalo picha ya kamera hailifanyi kwa namna ileile. Kamera hunasa kilichokuwa mbele ya lenzi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mchoraji hana budi kuamua kila inchi ya picha yake: nini kiwekwe, nini kiachwe, kipi kifutwe kwa kitambaa na kurudiwa, na maamuzi hayo hubaki yakionekana juu ya uso wa picha kwa mtu anayejua kutazama. Ndiyo sababu sanaa ya kisasa, ambayo ina kamera, video, kompyuta na kila aina ya chombo, bado inarudi kwenye rangi hasa inapotaka kushughulikia matukio ambayo picha za kamera zimeyashindwa, zimeyachosha au hazikuruhusiwa kuyafikia.

Kazi ya kwanza kuondolewa ilikuwa ile ya kuhifadhi sura za watu. Kabla ya 1839, familia yenye uwezo barani Ulaya iliyotaka kukumbuka uso wa baba au binti ilimwendea mchoraji, na palikuwapo mafundi walioishi kwa kuchora sura ndogondogo zilizovaliwa shingoni au kuwekwa mezani. Katika miongo michache baada ya kamera kuenea, biashara ya mafundi hao ilianguka, na baadhi yao wakaishia kuajiriwa na wapiga picha ili kutia rangi picha zilizotoka bila rangi. Wachoraji wengine waliuona ushindi huo wa kamera kuwa ruhusa ya kufanya mambo mengine. Mwaka 1874 Claude Monet na wenzake, ambao baadaye waliitwa waimpreshenisti na ambao walichora jinsi mwanga unavyoligusa jicho badala ya kufuatisha kila undani wa kitu, walifanya maonyesho yao ya kwanza jijini Paris, na ukumbi walioutumia ulikuwa studio iliyoachwa na mpiga picha maarufu Nadar. Ni jambo la kufurahisha kwamba mapinduzi ya uchoraji yalipata hifadhi katika nyumba ya yule aliyedhaniwa kuwa adui yake.

Shambulio la pili lilitoka ndani ya sanaa yenyewe. Mwaka 1917 Marcel Duchamp alipeleka kwenye maonyesho ya New York chombo cha kukojolea kilichotengenezwa kiwandani, akakitia saini ya jina la kubuni, na hivyo akaibua swali ambalo halijapata jibu hadi leo: iwapo msanii anaweza kuchagua kitu na kukiita sanaa, ustadi wa mkono una kazi gani? Kutoka miaka ya 1960 swali hilo lilizaa sanaa dhana, ambamo wazo huhesabiwa kuwa ndiyo kazi yenyewe na kitu kinachoonekana ni kumbukumbu yake tu. Ilizaa pia kazi zinazojaza chumba kizima kwa vitu mbalimbali ili mtazamaji aingie ndani yake, maonyesho ya mwili wa msanii, na kazi za video. Kwa wasanii wengi wa kizazi hicho, turubai iliyotiwa fremu ilikuwa bidhaa ya kupamba sebule za matajiri, na shutuma hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa picha ya kuchora ni kitu kimoja, kinabebeka, kinauzika, na mnada unakipenda kuliko aina nyingine yoyote ya sanaa.

Katika hali hiyo ya mashaka ndipo kazi ya Gerhard Richter inapopata uzito wake. Richter, aliyezaliwa Dresden mwaka 1932 na kuhamia Ujerumani Magharibi mwaka 1961, hakuikimbia kamera. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 alichora kwa kufuatisha picha za magazetini na za albamu za familia, kwa rangi za kijivu, kisha rangi ikiwa bado mbichi akaivuta kwa brashi kavu hadi kingo za vitu zikafifia. Mwaka 1988 alitumia mbinu hiyo katika mfululizo wa picha 15 unaoitwa 18 Oktoba 1977. Tarehe hiyo ni ya siku ambayo wafungwa watatu wa kundi la wapiganaji wa mrengo wa kushoto lililojulikana kama Baader-Meinhof walikutwa wamekufa au wakiwa mahututi katika gereza la Stammheim, Stuttgart. Serikali ilisema walijiua, na watu wengi hawakuamini. Picha za polisi na za magazeti zilikuwa zimetapakaa Ujerumani nzima kwa miaka 11, kiasi kwamba kila mtu alikwisha kuziona na hakuna aliyezitazama tena.

Katika mfululizo huo mna picha tatu zenye jina moja, zote zikimwonyesha Ulrike Meinhof, ambaye alikufa gerezani humohumo mwaka mmoja kabla ya wenzake, akiwa amelazwa chali na alama nyeusi ikizunguka shingo. Chanzo chake ni picha moja ya kamera, lakini Richter aliichora mara tatu kwa vipimo tofauti, na kutoka moja hadi nyingine mwili unasogea na ukungu unabadilika, kana kwamba jicho limejaribu mara tatu kuthibitisha jambo na kila mara limezidiwa. Mtazamaji anayesogea karibu ili aone vizuri hupata mistari ya brashi tu. Anayerudi nyuma huona mwanamke aliyekufa. Picha ya polisi ilidai kuwa ushahidi, ilhali picha ya Richter hukataa kutoa hukumu na humlazimisha mtu kukaa mbele ya kifo ambacho taifa lilitaka ama kukitukuza ama kukisahau. Jumba la sanaa ya kisasa la New York, linalofahamika kwa ufupisho wa MoMA, lilinunua mfululizo wote mwaka 1995, na Wajerumani kadhaa walinung'unika kwamba sehemu ya historia yao imevuka bahari.

Kama Richter alishughulika na tukio lililopigwa picha kupita kiasi, mchoraji mmoja wa Lubumbashi alishughulika na tukio ambalo halikuachiwa picha hata moja. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 katika mji huo wa jimbo la Katanga, Kongo, ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, akajipatia riziki kwa kuchora picha za kuuzia majirani, nyingi juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Nyumba za wafanyakazi wa migodi na wa reli zilikuwa soko la picha kama hizo katika miaka ya 1960 na 1970. Sebuleni palitundikwa mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayeleta utajiri na balaa, au picha ya koloni la Wabelgiji, ambamo mfungwa amelazwa kifudifudi, askari mweusi anamchapa kwa kiboko na ofisa mzungu anasimama akitazama. Wenyeji waliziita picha hizo ukumbusho, na wageni walipokuja, mazungumzo yalianzia ukutani.

Mwishoni mwa 1973 Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha mji huo, naye akamweleza kwamba alitaka kuichora historia yote ya nchi yake tangu zama za mababu. Katika miezi iliyofuata alileta takriban picha 100, na kila alipozileta alizifafanua kwa Kiswahili cha Lubumbashi huku kinasa sauti kikizunguka. Picha na maelezo yake vilichapishwa pamoja mwaka 1996, miaka 15 hivi baada ya mchoraji mwenyewe kutoweka bila habari zake kujulikana. Kwa msomaji wa Kiswahili kazi hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mchoraji wa Kiafrika wa karne ya 20 ameieleza kazi yake picha kwa picha, kwa lugha aliyokuwa akiizungumza mtaani.

Kati ya picha hizo, ile ya kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, inatosha kuonyesha uwezo unaozungumziwa hapa. Lumumba aliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961, karibu na Élisabethville, pamoja na wenzake wa kisiasa Maurice Mpolo na Joseph Okito, na baadaye miili yao ilifukuliwa, ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali ili pasiwe na kaburi wala alama; jino moja lililochukuliwa na askari polisi Mbelgiji ndilo lililorudishwa kwa familia mwaka 2022. Haijulikani picha yoyote ya kamera ya maiti zile. Tshibumba alimchora Lumumba amelala chini na wenzake, ubavuni ana jeraha linalovuja damu, na nyuma yao, mbali, imesimama misalaba mitatu. Mkristo yeyote wa Katanga alielewa mara moja jeraha la ubavuni na misalaba mitatu vilimaanisha nini. Mchoraji hakudai kwamba hivyo ndivyo mahali palivyoonekana. Alikuwa akiweka mbele ya watu hukumu juu ya mauaji ambayo wauaji walijitahidi yasiwe na sura. Katika jambo hili kamera haikushindwa kwa udhaifu wa kiufundi. Ilizuiwa, na mtu mwenye brashi na rangi za dukani akaingia palipofungwa.

Inafaa kuongeza kwamba Tshibumba na wenzake walikuwa wakirudia picha ileile mara nyingi kadiri wateja walivyoitaka. Wahakiki waliozoea kuthamini kazi moja isiyo na mfano walisita kuwahesabu kuwa wasanii wa kisasa, ingawa Andy Warhol alisifiwa New York katika miaka hiyohiyo kwa kurudiarudia makopo ya supu.

Mjadala wa kifo cha uchoraji, kwa kweli, ulikuwa mjadala wa miji michache ya kaskazini. Afrika Mashariki, katika miaka ambayo wasanii wa New York walikuwa wakiiaga turubai, uchoraji wa kisasa ulikuwa bado unajengewa shule zake. Margaret Trowell alianzisha masomo ya sanaa katika chuo cha Makerere, Uganda, mwaka 1937, na kutoka huko akatoka Sam Ntiro, mzaliwa wa Uchagga, ambaye picha yake ya mwaka 1956 ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na MoMA mwaka 1960, na ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika kama balozi wake London. Alitoka pia Elimo Njau, aliyeanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965 pamoja na wenzake. Wachoraji hao hawakuwa na sababu ya kuomboleza mwisho wa mapokeo ya Ulaya ambayo hayakuwa mzigo wao. Swali lao lilikuwa jinsi ya kufanya mgomba, soko na ibada viingie katika picha bila kugeuka kuwa postikadi.

Swali hilo limerithiwa na Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea sanaa London, ambaye leo ni mmoja wa wachoraji wanaozungumziwa sana duniani. Jambo la kwanza la kutazama katika kazi yake ni kile kilicho chini ya rangi. Badala ya turubai ya pamba au kitani, Armitage huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti ambacho Waganda wamekitengeneza kwa karne nyingi. Fundi huchagua mti wa mutuba, ulio wa jamii ya mikuyu, akachubua gome lake kwa uangalifu na kulifunga shina kwa majani ya mgomba lisije likakauka, ili gome jipya liote. Lile lililochubuliwa hulainishwa kwa moto au kwa maji moto, kisha hugongwa kwa saa kadhaa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mifereji mipana hadi ile myembamba, mpaka lipanuke na kuwa kitambaa chepesi ambacho jua hukigeuza rangi ya udongo mwekundu. Kitambaa hicho kilivaliwa katika kutawazwa kwa wafalme na hutumika kuwavika wafu, na mwaka 2005 UNESCO ilikitangaza kuwa miongoni mwa turathi za binadamu. Armitage alikikuta Nairobi katika soko la vitu vya watalii, kimegeuzwa bidhaa ndogondogo za kuuzia wageni.

Lubugo haukubali kuwa uso mtulivu wa kupakia rangi. Una matundu pale palipokuwa na fundo la tawi, una mishono mizito ambako vipande vimeunganishwa kwa mkono, na unapowambwa kwenye fremu hujikunja katika sehemu moja na kulegea katika nyingine. Tundu huweza kuangukia katikati ya anga au kwenye bega la mtu, na mchoraji hana budi kuamua kama atalikwepa, ataliziba au atalifanya sehemu ya tukio. Mshono unaweza kupita kama kovu katika uwanja wa kijani uliopakwa kwa wepesi. Kwa hiyo picha inajadiliana na kitu kilicho chini yake, na mtazamaji anaweza kuyafuata majadiliano hayo kwa macho. Yote hayo hupotea katika simu. Kwenye kioo cha simu picha ya Armitage ni rangi nzuri tu, na huenda hii ndiyo sababu watu wengi wanaoijua kwa njia hiyo pekee hushangaa ni kwa nini inasifiwa.

Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Armitage alifuatana na waandishi wa televisheni hadi kwenye mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, na kutokana na yale aliyoyaona alichora mfululizo wa picha kubwa. Moja inawaonyesha watu waliopanda mti ili kumwona msemaji, wamejazana matawini, na mpangilio wao umechukuliwa makusudi kutoka kwenye picha ya chapa ya Mhispania Francisco Goya unaoonyesha watu wakiwa wameketi juu ya tawi kavu. Kamera za televisheni zilikuwepo siku ile, na kila dakika ilirekodiwa. Hata hivyo habari ya saa moja usiku ilihitaji kujua ni nani alisema nini, wakati picha hiyo inashughulikia jambo ambalo halina nafasi katika taarifa: msisimko wa umati ambao ndani yake furaha, kichekesho na hatari ya kumwagika damu havijatengana bado. Kumtaja Goya kunampa mtazamaji kipimo kingine, kwamba nchi nyingine na zama nyingine zilipitia upuuzi na woga kama huo, bila kumhubiria.

Yapo malalamiko ya haki kwamba picha hizi huishia mbali na watu waliomo ndani yake. Picha moja ya Armitage iliuzwa kwenye mnada wa New York mwaka 2019 kwa zaidi ya dola milioni 1.5, na nyingi ziko katika makusanyo ya Ulaya na Marekani. Msanii mwenyewe ameanzisha jijini Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa, NCAI, na maonyesho yake makubwa ya Munich na London ya 2020 na 2021 yalitenga sehemu kwa wachoraji waliomtangulia, wakiwemo Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Meek Gichugu na Sane Wadu. Hilo ni jambo jema, ingawa haliondoi ukweli kwamba mzigo wa kuhifadhi sanaa ya nchi hauwezi kubebwa na mchoraji mmoja.

Marekani nako uchoraji umerudi kwa njia ya deni lisilolipwa. Makumbusho ya magharibi yamejaa sura za watu zilizochorwa kwa karne nyingi, na weusi miongoni mwao ni wachache, mara nyingi wakiwa watumishi pembeni mwa picha. Kerry James Marshall, aliyezaliwa Alabama mwaka 1955, alichukua uamuzi wa kuwachora watu weusi pekee na kuwapa weusi uliokolea kabisa. Hatumii rangi nyeusi moja: huchanganya nyeusi itokanayo na masizi, nyeusi itokanayo na oksaidi ya chuma na nyeusi itokanayo na mifupa iliyochomwa, akaziongezea buluu, kijani au zambarau, ili ngozi inayoonekana nyeusi tii kwa mbali ianze kufunguka kadiri jicho linavyozoea, kama chumba chenye giza kinavyofunguka kwa aliyeingia kutoka juani. Filamu za picha za zamani, ambazo vipimo vyake viliwekwa kwa kufuata ngozi nyeupe, zilizifanya nyuso nyeusi kuwa madoa yasiyo na undani. Marshall alilijibu tatizo hilo kwa kujua tabia ya kila unga wa rangi. Picha yake ya mwaka 1997, Past Times, ambayo mamlaka ya kumbi za mikutano ya Chicago iliinunua kwa dola 25,000, iliuzwa mwaka 2018 kwa dola milioni 21.1.

Hata kazi ya sura za watu, iliyodhaniwa kunyakuliwa na kamera, haikwisha yote. Barack Obama alikuwa miongoni mwa watu waliopigwa picha nyingi zaidi katika zama zake, lakini sura yake rasmi iliyozinduliwa Washington mwezi Februari 2018 ilichorwa na Kehinde Wiley, ikimwonyesha Obama ameketi mbele ya ukuta wa majani yenye maua ya Chicago, ya Hawaii na, kwa heshima ya baba yake, maua ya buluu yanayosimama badala ya Kenya. Watu walipanga foleni ndefu kuiona.

Haifai, hata hivyo, kudai kwamba kila kilichopakwa rangi kina uhai. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi zing'aazo za kupakia baiskeli juu ya vibao vya hadibodi, alikuwa akibuni: mnyama mmoja aliijaza fremu yote, mstari ulikuwa na ujasiri, na mandhari ilipunguzwa hadi rangi moja au mbili. Aliuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, kwa makosa, baada ya miaka michache tu ya kazi. Wanafunzi wake na warithi wao, ambao mwaka 1990 walisajili ushirika wao pale Morogoro Stores, Oysterbay, wamezilisha familia nyingi kwa mtindo huo, na miongoni mwao wamo wabunifu halisi. Lakini twiga yuleyule chini ya mlima uleule, anayetolewa kwa mamia kwa ajili ya mabegi ya watalii, hana uamuzi wowote uliobaki ndani yake. Mkono unafanya kazi ambayo mashine ya kuchapia ingeifanya. Kosa si la mchoraji anayetafuta ada ya shule. Ni la soko ambalo halimlipi anapojaribu jambo jipya, na la wanunuzi wenyeji ambao hawapo.

Tangu 2022 kumetokea mshindani mwingine, yaani programu za akili unde zinazotoa picha ndani ya sekunde chache kutokana na sentensi moja iliyoandikwa. Programu hizo zimefunzwa kwa mabilioni ya picha zilizozolewa kwenye intaneti, zikiwemo picha za wachoraji ambao hawakuombwa ruhusa, na zinaweza kuiga mtindo wa karibu yeyote. Watengenezaji wa majalada na matangazo wana sababu ya kuogopa, kama walivyokuwa nayo wale wachoraji wa sura ndogondogo baada ya 1839. Kwa uchoraji wenyewe tishio ni dogo kuliko linavyosemwa, kwa kuwa kinachotolewa na programu ni taswira isiyo na mwili: haina gunia la unga, haina mshono, haina mahali ambapo mtu alifuta akarudia. Ulimwengu unaofurika picha zisizo na chanzo huenda ukakithamini zaidi kitu kimoja kinachojulikana kilifanywa na nani, kwa nini, na juu ya nini.

Linalobaki ni suala la nani atazitunza picha hizi na wapi zitaonekana. Picha za Tshibumba, za Ntiro na za Armitage zinaonekana kwa urahisi zaidi na mkazi wa Amsterdam, New York au London kuliko na mkazi wa Lubumbashi, Moshi au Nairobi, na hali hiyo haitabadilika kwa kulalamikia wanunuzi wa kigeni iwapo serikali, benki na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vitaendelea kutonunua. Kwa msomaji anayetaka kuanza na kilicho karibu, Elimo Njau alimaliza mwaka 1959, katika kanisa kuu la Murang'a nchini Kenya, michoro mitano mikubwa ya ukutani inayosimulia maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, ikiwa na watu weusi katika vilima na mashamba ya Waagikuyu. Aende akasimame mbele yake, kisha aulize benki yake na chuo chake vimenunua picha gani mwaka huu.